Simu ya mezani juu ya intaneti: tuliyopitia Mikindani

Nyumba za zamani za Mikindani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene kiasi kwamba ukiingia chumba cha ndani simu ya mkononi inapoteza mtandao. Mama anaishi katika nyumba ya namna hiyo. Macho yake yamefifia kwa mtoto wa jicho, na simu ya kupangusa kwake ni kioo kisicho na pa kushika. Simu anayoiweza ni ya mezani, yenye vitufe vikubwa, ambayo imekaa kando ya kitanda chake tangu sisi wadogo. Laini yake ilisimamishwa miaka mingi nyuma, lakini waya zilibaki ukutani. Kaka yangu anaishi Uingereza, na ndiye aliyependekeza tuifufue simu hiyo kwa intaneti, kwa kutumia adapta ya kuunganisha simu ya mezani na ruta.

Kazi ambayo ingetosha jioni moja ilitula wiki kadhaa na ikaunguza kifaa kizima. Kila tulipokwama, tatizo lilikuwa na jina lake na dawa yake, ila hapakuwa na mtu wa kutueleza kwa lugha tunayoielewa. Ndiyo maana naandika kwa urefu. Najua nyumba nyingi huku kusini zina mzee mmoja ndani na watoto walioko mbali.

Adapta yenyewe ni kiboksi kinachokaa kiganjani. Kina tundu la umeme, tundu la waya wa mtandao unaotoka kwenye ruta, na tundu la simu. Kinafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na kituo cha simu: kinaipa simu umeme, kinatoa mlio wa laini, kinapiga kengele, kisha kinaigeuza sauti kuwa data. Tundu linalofanya haya huandikwa PHONE au FXS. Adapta nyingine zina tundu la pili, LINE au FXO, na hilo ni la kupokea laini inayotoka mtaani. Kwa umbo matundu haya hayatofautiani, plagi ndogo ya RJ11 inaingia kote kuwili, lakini kazi zake zinapingana: moja linatoa umeme, jingine linaupokea. Kabla hujachomeka chochote, soma maandishi hayo kwa tochi.

Kwetu intaneti inakuja kwa ruta ya 4G ya kadi ya simu, na pahali pekee inaposhika vizuri ni dirisha la sebuleni linalotazama ghuba. Adapta lazima ikae karibu na ruta kwa sababu ya waya wa mtandao. Simu ya mama iko chumba cha ndani. Hapo ndipo waya za zamani za ukutani zilipopata thamani upya: unachomeka adapta kwenye soketi ya simu ya sebuleni, umeme wake unarudi nyuma kwenye waya za nyumba hadi soketi ya chumbani, na simu inaita bila kutoboa ukuta wa mawe. Wazo ni zuri na linafanya kazi. Lina sharti moja tu, na sharti hilo ndilo lililotugharimu.

Fundi tuliyemwita alichomeka adapta kwenye soketi ya sebuleni moja kwa moja. Alikuwa ameinua mkonga wa simu kwanza, akasikia kimya, akasema laini ya mtaani ilishakufa zamani, haina madhara. Haikupita muda kiboksi kikawa cha moto, taa ya PHONE ikazimika, na haikuwaka tena. Kaka alikuwa ameinunua na kuituma kwa pauni 45. Fundi alikwisha kulipwa shilingi 30,000. Mama, ambaye alikuwa ameoga na kukaa kitandani akisubiri kuongea na mwanawe, aliuliza tu, "Kwa hiyo leo haiwezekani?"

Laini isiyo na mlio si lazima iwe haina umeme. Waya wa shaba wa simu ukiwa umetulia hubeba karibu volti 48 za DC kutoka kituoni, na simu inapoita hupanda hadi karibu volti 90 za AC, kiasi cha kukurusha mkono ukigusa. Huduma ikisimamishwa, mlio hukoma lakini waya unaweza kubaki umeunganishwa kule kituoni, na umeme ukaendelea kuja. Ukiunganisha adapta kwenye waya huo, vifaa viwili vinasukumiana umeme, na kidogo ndicho kinachoungua. Kwa hiyo waya za nyumba zitenganishwe na za mtaani kwanza, hata kama laini haijalia tangu enzi za Posta na Simu.

Adapta ya pili kaka alimpa mtu anayekuja Dar, ili ipandishwe basi la Mtwara. Huo ulikuwa mwanzo wa Mei 2024. Kimbunga Hidaya kikapita pwani, mvua ikaikata barabara ya Dar na Lindi maeneo ya Somanga, na mzigo wetu ukaja kwa kuzungukia Songea, Tunduru na Masasi. Muda huo wa kusubiri ulitusaidia kuliko tulivyotegemea, kwa sababu niliazima mita ya kupimia umeme kwa jirani nikaanza kuzifuata waya.

Barazani, chini ya ukingo wa paa, kuna kisanduku cha kijivu ambamo waya wa mtaani unaingia. Ndani yake mlikuwa na mayai mawili ya mjusi yamegandia kwenye plastiki, na skrubu mbili. Kila skrubu ilikuwa imebana waya mbili pamoja, mmoja wa mtaani na mmoja wa nyumba, na shaba yote imeota kutu ya kijani kwa chumvi ya bahari. Nikagusisha mita kwenye skrubu. Ikaandika 49. Laini iliyosemwa imekufa ilikuwa na umeme kamili.

Kisanduku hicho ni mpaka kati ya waya wa kampuni ya simu na waya wako, kwa hiyo kwanza tuliwapigia wenye laini kuwaeleza kwamba haitumiki na tunataka kuitenga. Kisha nikalegeza skrubu, nikazitoa waya za mtaani, nikaufunga kila mmoja peke yake kwa utepe wa umeme, na juu yake nikabandika karatasi: MTAANI, USIUNGANISHE. Karatasi hiyo ni ya lazima, maana fundi mwingine atakayekuja baadaye akiona waya unaning'inia ataurudisha kwa nia njema. Nikapima tena kwenye soketi ya chumbani, ikaandika sifuri. Kazi hii usiifanye wakati wa mvua ya radi. Na kama intaneti yako inaingia kwa waya huohuo wa simu, usikate, kwa sababu utakata na intaneti. Hapo unahitaji fundi anayejua kutenga waya wa modemu na waya wa soketi nyingine.

Mzigo ulipofika nilikataa kuchomeka chochote ukutani. Nilichukua simu ya mama nikaileta sebuleni, nikaiunganisha na adapta kwa waya mfupi uliokuja nayo. Adapta, simu na ruta, basi. Kama ningeombwa kumwambia mtu jambo moja katika habari hii yote, ningemwambia hili: anza na waya mfupi. Ukiinua mkonga ukasikia mlio, adapta na simu ni nzima, na kitakachosumbua kitakuwa kwenye mtandao au kwenye waya za ukuta. Usipousikia, huna haja ya kupanda darini. Kila mara tulipokwama baadaye tulirudi kwenye waya mfupi, na kila mara ulituonyesha upande wa kutafuta.

Angalia pia kichwa cha umeme. Cha adapta yetu ni cha volti 5, cha ruta ni cha volti 12, vyote vyeusi na plagi zake zinaingiliana. Ukivibadilisha unaweza kuua adapta. Nilivifunga nyuzi za rangi tofauti.

Mlio ulikuwapo. Lakini nilipobonyeza namba, mlio uliendelea kana kwamba sijabonyeza kitu. Chini ya simu nyingi za zamani kuna swichi ndogo yenye herufi T na P. Ikiwa P, simu inatuma namba kwa kukatakata umeme kama zile simu za kuzungusha, na adapta yetu haikuzitambua. Niliisogeza T kwa ncha ya bisibisi, mlio ukakatika kwenye namba ya kwanza.

Kuingia kwenye mipangilio ya adapta unahitaji anwani yake. Kwenye adapta nyingi unabonyeza nyota mara tatu au nne kwenye simu iliyounganishwa, sauti ya Kiingereza inakusomea mengine, ikiwemo anwani. Unaiandika kwenye kivinjari cha simu yako ukiwa kwenye Wi-Fi ya ruta hiyohiyo. Pale unaweka jina la seva, namba ya akaunti na nywila kutoka kampuni ya simu za intaneti uliyojiunga nayo. Ya kwetu kaka aliifungua kwao Uingereza, ikaja na namba ya Uingereza, hivyo anampigia mama kwa gharama ya simu ya ndani. Nywila nakushauri uinakili na kuibandika, usiiandike kwa kidole, maana zina herufi zinazochanganya macho. Na nywila ya kuingilia kwenye adapta, ile inayokuja nayo kiwandani, ibadilishe siku hiyohiyo. Akaunti za simu za intaneti huibwa, na mwizi hupiga simu za ghali kwa salio lako.

Taa ikawaka, adapta ikasajiliwa, kaka akapiga, kengele ikalia nyumba nzima. Mama akapokea. "Haloo? Haloo? Mwanangu, mbona huongei?" Kaka alikuwa akimsikia vizuri, akimjibu, akimwita, na mama hasikii kitu. Aliuweka mkonga chini akidhani mwanawe amekasirika. Huo wakati ulikuwa mgumu kwangu kuliko siku adapta ilipoungua.

Sauti ya upande mmoja ni ugonjwa unaojulikana sana. Adapta inapozungumza na seva hutaja anwani yake ya ndani ya nyumba, mfano 192.168.1.20. Nje ya nyumba anwani hiyo haielekezi popote, kwa sababu ruta nyingi mno duniani zinagawa anwani za namna hiyo. Sauti ya mama inatoka, kwa kuwa adapta inajua seva iko wapi. Sauti ya kaka inatumwa kwenye anwani isiyofikika, inapotea. Ruta nyingi zina kipengele kinachoitwa SIP ALG, kilichowekwa ili kurekebisha anwani hizo, na mara nyingi ndicho kinachozivuruga. Kwenye ruta yetu kilikuwa kimejificha kwenye ukurasa wa usalama. Nilikizima, nikawasha STUN kwenye adapta ili ijue anwani yake ya nje, nikazima ruta na adapta vyote viwili nikaviwasha upya. Ruta kwanza, na adapta baada ya intaneti kurudi. Ukiviwasha pamoja adapta inaweza kukata tamaa kabla mtandao haujaamka.

Kaka akapiga tena. "Nakusikia, baba. Nakusikia kabisa. Umekula?"

Tulikuwa bado hatujarudisha simu chumbani, Jumapili tarehe 12 Mei, adapta ikagoma kusajiliwa. Nilitaka kuanza kubadilisha mipangilio upya, na namshukuru kaka aliyenizuia. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikuwa zimekatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti iliyumba Tanzania nzima. Hakuna kitufe kwenye adapta kinachotibu hilo. Tangu hapo, kitu kilichokuwa kikifanya kazi kikisimama ghafla bila kuguswa na mtu, kwanza nafungua kurasa za nje ya nchi kwa simu iliyo kwenye ruta ileile. Zikigoma nazo, naiacha adapta kama ilivyo. Na mipangilio inayofanya kazi niipige picha, ukurasa kwa ukurasa, ili nikijaribu jambo niwe na pa kurudi.

Intaneti ilipotulia likaja lingine: mama anaweza kumpigia kaka, ila kaka akipiga, simu haiiti. Ukipiga kutoka kwa mama kisha kaka akapiga mara moja, inaita. Ukisubiri kidogo, haiiti. Hii ni kwa sababu ruta, na zaidi mtandao wa simu ya mkononi ambako wateja wengi wanagawana anwani moja ya nje, husahau njia ya kwenda kwenye adapta pakiwa kimya. Dawa ni kuifanya adapta ikohoe kila baada ya muda mfupi. Kwenye mipangilio inaitwa keep-alive. Niliiweka sekunde 20, na muda wa kujisajili upya nikaupunguza hadi dakika chache. Tatizo likaisha palepale.

Kuhusu bando, watu huogopa bure. Kodeki, yaani namna ya kuigeuza sauti kuwa data, ziko kadhaa. Ya G.711, yenye sauti safi, hula karibu MB 80 kwa saa ya maongezi ukijumlisha kwenda na kurudi. G.729 hula karibu MB 28 kwa saa, sauti ikiwa nyembamba kidogo. Jioni mtandao unapokuwa na watu wengi tulipata mkatiko kwenye G.711, tukaiweka G.729 kuwa ya kwanza, na mama hakuona tofauti yoyote ila kwamba maneno hayakatiki tena. Kinachoharibu maongezi zaidi ni mtu kuangalia video kwenye ruta hiyohiyo. Wajukuu waliambiwa, na wakielekezwa kwa upole wanaelewa.

Ndipo tukarudi kwenye ukuta. Nilichomeka adapta kwenye soketi ya sebuleni, nikarudisha simu kitandani kwa mama. Mlio ukafika, ila na mkwaruzo juu yake. Kwa waya mfupi sauti ilikuwa safi, kwa hiyo nilijua ni waya za ukuta bila kubahatisha. Nilizifungua soketi zote. Ya ukumbini, ambayo haijatumika miaka, ilikuwa imejaa kutu ya kijani hadi waya mbili zinakaribia kugusana. Niliitoa kabisa kwenye mstari, nikazikwangua ncha nyingine kwa msasa hadi shaba ikang'aa, nikakaza skrubu. Mkwaruzo ukaondoka. Kengele nayo ilikuwa dhaifu, na sababu yake tuliikuta jikoni: simu ya pili, kongwe, ya kengele ya chuma, bado imechomekwa nyuma ya kabati. Adapta ndogo haina nguvu ya kituo cha simu. Simu mbili au tatu za zamani zinaweza kuimaliza pumzi ya kengele. Tuliichomoa.

Upigaji namba ulihitaji mafunzo, na hapa pesa zilipotea. Kwetu simu ya nje ya nchi huanza na 000. Akaunti ya Uingereza inataka 00. Mama alizoea tatu, na kila mara sauti ya Kiingereza ikamwambia jambo asilolielewa. Zaidi ya hapo, akaunti ile inaiona Tanzania kuwa ni ng'ambo. Mama alimpigia shoga yake wa Ligula, kilomita chache tu kutoka hapo, wakaongea harusi nzima, na simu hiyo ilihesabiwa kutoka Uingereza kuja Tanzania. Salio la kaka likafyekwa. Hakuna aliyemwambia, na hakuwa na namna ya kujua. Kaka baadaye aliweka kanuni kwenye adapta: namba za kwake na za dada yetu zipite kwa kitufe kimoja kimoja, na namba zinazoanza na 00255 zikataliwe. Jambo hili lifanyeni mapema, kabla mzee hajakabidhiwa simu. Na mfundisheni kubonyeza alama ya reli (#) mwishoni mwa namba, bila hivyo adapta husubiri sekunde kadhaa ikidhani kuna namba nyingine inakuja, na mzee huona simu haiendi akaikata.

Kuna jambo ambalo siwezi kulipitia haraka. Simu hii si ya dharura. Akaunti ya Uingereza haitampeleka mama polisi wa Mtwara akibonyeza 112, na umeme ukikatika adapta inazimika, tofauti na laini ya zamani iliyopata umeme kutoka kituoni. Kwa hiyo tulimnunulia mama simu ya mkononi ya vitufe, ya bei ndogo, na pale dirishani inaposhika mtandao tuliigongelea kimfuko cha kitambaa ukutani. Ndani yake imo simu hiyo na chaja yake, na namba ya jirani iko kwenye kitufe cha 2. Tulimfanyisha mazoezi ya kutembea kutoka kitandani hadi pale taa zikiwa zimezimwa. Adapta ni ya maongezi na mwanawe. Kimfuko kile ndicho cha usalama.

Umeme wenyewe tuliutatua kwa UPS, yaani betri ya akiba, ndogo ya ruta, yenye matundu ya volti 12 na volti 5, ikabeba ruta na adapta kwa pamoja. Ukinunua, hakikisha ina volti zote mbili, maana nyingi zilizopo madukani zina ya 12 peke yake. Ya kwetu inashikilia takribani saa tatu. TANESCO wakitangaza matengenezo ya siku nzima, namtumia kaka ujumbe asipige mezani, apige ile ya dirishani baada ya swala ya magharibi, mama anapokuwa amekaa pale kupunga upepo.